Charcot, munganga aliyeona kwamba sklerozi inagusa pia akili

Mama mmoja mfanyakazi wa nyumba alikuwa anavunja sahani kila mara. Akinyoosha mkono kushika kikombe, mkono unaanza kutetemeka, na kadiri unavyokaribia kikombe ndivyo unavyozidi. Katika Paris ya karne ya 19, mtu wa namna ile hakuna aliyemtaka kazini. Kijana mmoja aliyekuwa anasomea uganga, Jean-Martin Charcot, akamchukua. Akakaa naye kwa miaka, hata kama vyombo vilivyovunjika vilimlia pesa nyingi, kwa sababu alitaka kujua kutetemeka kule kunatoka wapi. Mama yule alipofariki, mwili wake ndio uliotoa jibu: ubongo na uti wa mgongo vilikuwa na mabaka magumu.

Kisa hiki kilisimuliwa na Sigmund Freud, ambaye alipata kusoma kwa Charcot. Kinamwonyesha mwenyewe vizuri: mtu mvumilivu, mwenye jicho kali, na pia baridi kidogo, maana kwake mgonjwa alikuwa kwanza kitu cha kuchunguza.

Charcot alizaliwa Paris tarehe 29 Novemba 1825. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza magari ya farasi. Mwaka wa 1853 alimaliza masomo ya uganga, na mwaka wa 1862 akapewa kazi katika hospitali ya Salpêtrière. Pahali pale zamani palikuwa kiwanda cha baruti. Kiisha mfalme Louis wa 14 akapageuza kuwa nyumba ya kufungia wanawake maskini. Wakati Charcot anaingia, kulikuwa na wanawake karibu 5.000: wazee, waliopooza, wenye kifafa, wenye wazimu, na wale waliokosa tu pa kwenda. Waganga wengi hawakutaka kubaki pale. Charcot na rafiki yake Alfred Vulpian walizunguka chumba kwa chumba, wakampima kila mama na kuandika walichokiona. Mgonjwa akifa, walifungua mwili na kulinganisha na yale waliyoandika akiwa hai. Kwa njia hiyo ya polepole ndipo elimu ya magonjwa ya mishipa ya fahamu ilipata msingi.

Mabaka yenyewe yalikuwa yamekwisha kuchorwa na waganga wengine miaka 30 hivi mbele yake. Lakini hakuna aliyejua kwa hakika yanaleta ugonjwa gani kwa mtu aliye hai. Mwaka wa 1868 Charcot akayaunganisha na kueleza ugonjwa ambao Wafaransa wanauita sclérose en plaques, yaani sklerozi ya mabaka. Mishipa ya fahamu ina ganda la mafuta linaloifunika, sawa waya wa umeme unavyofunikwa na plastiki. Ganda likiliwa, ujumbe kutoka kwenye ubongo unachelewa au unapotea njiani. Charcot aliona kwamba ganda linaharibika huku uzi wa ndani mara nyingi ukibaki. Alifundisha pia dalili tatu za kutazama: macho yanayochezacheza, mkono unaotetemeka wakati wa kushika kitu, na maneno yanayotoka yakiwa yamekatwa vipande vipande. Kusudi wanafunzi watofautishe kutetemeka kwa ugonjwa huu na kule kwa Parkinson, aliwavalisha wagonjwa kofia zenye manyoya marefu ya ndege. Kila nyoya lilitikisika kwa namna yake, na ukumbi mzima ukaona.

Lakini Charcot aliandika jambo lingine ambalo watu walilipita haraka. Kwa wengi wa wagonjwa hawa, ugonjwa ukiendelea, kumbukumbu inadhoofika. Mawazo yanakuja polepole, na hata hisia zinapoa. Wengine wanacheka pasipo sababu, kiisha wanalia. Kwake hayo hayakuwa uvivu wala tabia mbaya. Aliyaweka katika ugonjwa wenyewe, pamoja na miguu na macho.

Hakuwa na dawa. Alijaribu chumvi za dhahabu, fedha na zinki, na akakiri kwamba hazikusaidia kitu. Kuhusu chanzo alikosea, maana alidhani ni baridi yenye unyevu au huzuni nzito.

Mwaka wa 1882 serikali ya Ufaransa ilimpa kiti cha uprofesa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu. Masomo yake ya Jumanne yalijaza watu, hata waandishi na watu wa michezo ya jukwaani. Hapo ndipo jina lake lilianza kuchafuka. Alikuwa anawalaza usingizi wa hipnozi wanawake waliosemekana kuwa na histeria, mbele ya umati, na wapinzani wake wakasema wagonjwa wale wanafanya tu kile profesa anachotaka kuona. Baada ya kifo chake, hata Babinski, mwanafunzi wake mpendwa, aliacha maelezo yake juu ya histeria. Charcot huyu huyu alichukia uwindaji na alifuga nyani nyumbani kwake.

Alifariki tarehe 16 Agosti 1893, akiwa safarini karibu na ziwa la Settons, na akazikwa Montmartre. Maneno yake juu ya kumbukumbu yalikaa kwenye vitabu kwa miaka karibu mia bila kufuatwa sana. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Munganga anamwuliza mgonjwa leo ni siku gani na raisi ni nani, mgonjwa anajibu vizuri, basi inaandikwa kwamba akili ni nzima. Kumbe kilichopotea ni mwendo wa akili, na maswali hayo hayaupimi.

Mwaka wa 1991 watafiti wa Marekani walilinganisha wagonjwa 100 na watu wazima wa afya 100 kwa vipimo vya makini. Wagonjwa zaidi ya 40 walionekana wamepungukiwa. Na ulemavu wa miguu ulieleza kidogo tu: mtu anayetembea vizuri aliweza kushindwa kufuata mazungumzo, na mwingine wa kiti cha magurudumu akabaki na akili nyepesi. Mashine ya IRM iliongeza jibu, kwani ubongo uliopungua ukubwa na wenye mabaka mengi unaendana na kuchelewa kufikiri. Uchovu na huzuni ya muda mrefu vinaongeza mzigo, na hiyo huzuni inaweza kutibiwa. Wale waliosoma miaka mingi, au waliozoea kazi ya kutumia akili, mara nyingi wanastahimili zaidi hata mabaka yakiwa sawa na ya wengine.

Ugonjwa huu unaonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, na kwetu ni adimu. Kipimo kinachotumika sana kwa kile Charcot alichokiona ni karatasi moja tu: alama ndogo zimepangwa juu, kila moja na tarakimu yake, na mgonjwa ana sekunde 90 za kuzilinganisha.