Mwalimu: Nahodha aliyevua kitambaa siku 44 baada ya ubingwa

Ingia kibanda umiza chochote, hata kule Nyarero, Tarime, ubishi ni ule ule: timu ni ya nani? Kwa soka letu meneja ni yule anayehakikisha basi lina mafuta, jezi zimefika na leseni za wachezaji ziko mezani kwa kamisaa. Kazi nzito, na akikosea siku moja mnapokwa pointi. Lakini mkiwa nyuma mbili bila, hakuna mchezaji anayegeuka kumtazama yeye. Wanamtazama nahodha.

Mkoa huo huo wa Mara, pale Butiama, alizaliwa mtu aliyezijua kazi hizo mbili na akathubutu kuzitenganisha. Julius Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922, mtoto wa chifu wa Wazanaki. Mwisenge, Tabora, Makerere, Edinburgh, kisha ualimu Pugu. Mwaka 1954 akaongoza kuanzishwa kwa TANU, mwaka uliofuata akaacha chaki na mshahara wake.

Uhuru ukaja Desemba 9, 1961, yeye akiwa Waziri Mkuu. Hapo ndipo wengi wangekaa kwenye kiti wakaagiza chai. Januari 22, 1962, siku 44 tu baadaye, akajiuzulu. Fikiria nahodha anainua kombe Jumamosi, Jumatatu anakabidhi kitambaa!

Sababu ilikuwa wazi. Vichwa vya TANU vilikuwa vimehamia ofisini, kwenye mafaili, na chama kilichowakusanya watu kikaanza kupoa. Serikali akamwachia Rashidi Kawawa, mtu wa vyama vya wafanyakazi, anayejua kusukuma kazi hadi iishe. Kawawa akashika mafaili na kuharakisha Waafrika kupewa nafasi za wazungu serikalini. Mwalimu akaingia vijijini kuongea na watu. Desemba 1962 akarudi kama Rais.

Tusimpambe kupita kiasi. Kwenye umeneja alifungwa, tena mabao ya kizembe. Watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, mashirika ya umma yakala hasara, na wazee wetu bado wanasimulia foleni za sukari na sabuni miaka ya 80 mwanzoni. Mafaili hayakumpenda.

Sasa kwa nini watu hawakumkimbia? Nadhani ni kwa sababu alikuwa akitangulia mwenyewe. Mwaka 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kwenda JKT aliwafukuza, ukali ambao mpaka leo una wapinzani, lakini hapo hapo akakata mshahara wake kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, vijana walikuwa wakitembea kwa miguu kuliunga mkono. Naye Oktoba akatoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilometa 200. Rais mzima, magari yapo! Meneja angetuma basi.

Novemba 1985 akang'atuka urais, hakuna aliyemsukuma. Alifariki London, Oktoba 14, 1999, akazikwa nyumbani Butiama. Kawawa, yule aliyeachiwa mafaili mwaka 1962, alibaki naye miaka yote ile bila kugombea naye kitambaa, na akafariki Desemba 31, 2009.