Bustani ya Ellen White

Soma: Mwanzo 1:29, Danieli 1:8–16, Mithali 15:17.

Ellen White hakuanza maisha akiwa mpenzi wa mboga. Alizaliwa mwaka 1827 huko Gorham, Maine, Marekani, na kwa miaka mingi aliamini kwamba bila nyama hangekuwa na nguvu. Alikuwa dhaifu tangu utotoni, akizimia mara kwa mara. Tarehe 6 Juni 1863, huko Otsego, Michigan, alipewa njozi kuhusu afya, naye akaondoa nyama mezani. Mwili wake ulikataa. Mkate wa unga usiokobolewa haukumpendeza hata kidogo. Lakini hakujitafutia kitu kingine. Aliondoka mezani na njaa, mpaka siku alipoweza kukila chakula kile rahisi kwa furaha.

Hata hivyo safari ilikuwa ndefu. Katika miaka iliyofuata, alipokuwa safarini au chakula kingine kilipokosekana, nyama kidogo ilirudi. Ni Januari 1894, wakati wa makambi ya Brighton, Melbourne, nchini Australia, ndipo alipoamua kuiacha kabisa. Alikuwa na umri wa miaka 66, mjane tangu 1881.

Hali ya nchi ilikuwa ngumu. Mwaka 1893 benki nyingi za Australia zilifunga milango, na wengi wakakosa kazi. Fedha zilikuwa haba, na meza ilihitaji chakula bora. Jibu lilitoka ardhini.

Kanisa lilikuwa likitafuta eneo la shule, likapata shamba huko Cooranbong, New South Wales. Mtaalamu wa kilimo wa serikali aliukagua udongo akasema ni duni. Ellen White aliamini kwamba ardhi ile ikitunzwa ingezaa. Alinunua sehemu yake, na mwaka 1895 akakaa kwenye hema wakati miche ya matunda ikipandwa. Kisha alijenga nyumba, akaiita Sunnyside.

Saa 11 alfajiri alikuwa bustanini akichimba udongo, akipanda maua na miche ya nyanya, mpaka kengele ya ibada ya asubuhi ilipolia. Baadaye alirudi kwenye kalamu. Ndiyo miaka aliyoandika Tumaini la Vizazi Vyote, kitabu kilichotoka mwaka 1898. Miti yake ilianza kuzaa kabla ya miaka miwili kutimia. Shule ya Avondale ilifunguliwa tarehe 28 Aprili 1897, na wanafunzi wake walijifunza vitabu na jembe pamoja. Ellen White alirudi Marekani mwaka 1900, akafariki tarehe 16 Julai 1915 akiwa na miaka 87.

Jambo lililotokea Cooranbong si geni Buhembe, wala kwingineko Bukoba na Muleba. Wahaya hutofautisha kibanja na rweya. Rweya ni mbuga ya nyasi yenye udongo duni. Kibanja kina rutuba kwa sababu vizazi vingi vimebeba nyasi, samadi na maganda ya jikoni na kuyarudisha ardhini. Rutuba hiyo ni kazi ya mikono.

Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia Kagera katika miaka ya 2000 na kuangamiza migomba, ilionekana wazi hatari ya kaya kutegemea zao moja. Tena ndizi hushibisha, lakini peke yake haitoshi kumjenga mtoto. Mchicha, majani ya maboga, maharage na nyanya chungu zilizopandwa nyuma ya nyumba huongeza madini na vitamini, wala hazidai nauli ya kwenda sokoni. Maji ya kuoshea vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yaweza kumwagilia matuta mawili wakati wa kiangazi.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini mabadiliko ya chakula yalimgharimu Ellen White miaka mingi, ingawa alikwisha kuipokea nuru? Hilo linafundisha nini kuhusu kumvumilia mshiriki anayejaribu?

2. Ni kipande gani cha ardhi nyumbani kwako ambacho umekihesabu kuwa hakifai?

3. Je, kikundi chenu kinaweza kumsaidia mjane au mgonjwa wa jirani kuwa na matuta ya mboga kabla ya mvua zijazo? Nani ataleta mbegu, na nani ataleta samadi?