Kivoi wa Kitui na Mlima Mweupe

Kivoi wa Mwendwa alikuwa Mkamba, tajiri na mkuu wa misafara, makao yake Kitui. Katikati ya karne ya 19 watu wake walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi bara na nguo na shanga. Pembe zake zilipimwa kwa mizani hata ratili ya mwisho. Khabari zake nani alizipima? Na khabari moja ndiyo iliyolihifadhi jina lake hata leo.

Mwezi wa Novemba 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyekaa Rabai, alipanda bara kwa njia ya Kikumbulyu, ambayo sasa imo katika Makueni, akafika Kitui kwa Kivoi. Mwenyeji akamweleza kwamba yeye amekwisha kufika Uchaga na kuuona mlima mweupe wa huko, na kwamba uko mwengine mwendo wa siku sita toka Kitui, nao huonekana kutoka mahali pa juu karibu na kijiji chake mbingu zikiwa safi. Jina lake kwa Wakamba, Krapf aliliandika Kegnia, na humo ndimo lilimotoka jina la nchi nzima.

Siku kadhaa mawingu yaliuficha. Tarehe 3 Desemba ukafunuka kwa muda mfupi, Krapf akaona mfano wa ukuta mkubwa mno wenye pembe mbili juu yake.

Khabari ilipofika London, W. D. Cooley, mtaalamu wa ramani asiyepata kutia mguu Afrika Mashariki, aliikataa, kama alivyoikataa ile ya Rebmann aliyeuona Kilimanjaro mwaka 1848. Theluji chini ya jua la Ikweta! Tuwe waadilifu: shaka yenyewe haikuwa upuuzi. Jicho lililo umbali wa kilomita zipatazo 150 hupokea weupe tu, na weupe hausemi kama ni wingu, au jiwe, au theluji.

Jambo hili alikwisha kulieleza Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri mnamo mwaka 1040, katika Kitab al-Manazir. Alibainisha kwamba kuona hakukomi machoni: jicho hupokea nuru na rangi, kisha akili hulinganisha na yale iliyoyahifadhi na kutoa hukumu, upesi hata mtu asitambue kwamba amehukumu. Akataja na sharti za kuona sawasawa, umbali wa kadiri na nuru ya kutosha zikiwa miongoni mwake. Sharti moja ikipita mpaka, jicho hukosea.

Basi yakini hupatikanaje? Kwa kutazama tena na tena, na kwa ushahidi wa namna nyingine. Mkazi wa Kitui huutazama mlima masika na kiangazi; wingu huhama, weupe ule hukaa pale pale. Tena mtu wa Uembu, ambao ni jirani na mlima wenyewe, alimwambia Krapf kwamba juu kuna kitu cheupe chenye baridi, nacho hutoa maji daima. Hapo macho na ngozi vimeafikiana. Cooley alikuwa na kitabu tu, na kwa kitabu akawakanusha walioona.

Ajabu ni kwamba mashine za leo zina taabu ile ile. Kamera ya satalaiti ikitumia nuru tuionayo sisi, theluji na wingu huifanana. Dawa yake ni kuongeza shahidi: hupimwa pia aina ya nuru isiyoonekana na macho, ambayo theluji huimeza na mawingu mengi huirudisha, ndipo mashine ikaamua.

Joseph Thomson aliuona mlima mwaka 1883, na Halford Mackinder akafika kileleni mwaka 1899. Kivoi hakuwahi kuyasikia hayo. Mwezi wa Agosti 1851 alisafiri na Krapf kuelekea mto Tana. Karibu na mto wanyang'anyi wakawashambulia, naye akauawa. Krapf aliponea porini peke yake, na alipoufikia mto alijaza maji katika mtutu wa bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, akarudi usiku kwa usiku hadi Ukambani, ambako jamaa wa Kivoi walimdai damu ya mtu wao.