John Hanning Speke

John Hanning Speke (4 Mei 1827 – 15 Septemba 1864) alikuwa afisa wa jeshi na mpelelezi kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kutafuta chanzo cha mto Naili. Pia alikusanya makombe katika Ziwa Tanganyika ambayo baadaye yalizua mjadala kuhusu mageuko ya spishi.

Maisha

Speke alizaliwa Devon. Mwaka 1844 alianza utumishi wa kijeshi nchini Uhindi. Mwaka 1857 aliondoka Unguja pamoja na Richard Francis Burton, wakafuata njia ya misafara kuelekea bara. Novemba walifika Kaze (leo Tabora), kituo kikuu cha wafanyabiashara Waarabu katika Unyanyembe. Sidi Mubarak Bombay alikuwa kati ya viongozi wa msafara.

Februari 1858 walifika Ziwa Tanganyika. Wakati huo Speke aliugua macho kiasi cha kutoona vizuri. Waliporudi Kaze, Burton alibaki huko. Speke alielekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 aliona ziwa aliloliita Viktoria. Alidai kwamba ndilo chanzo cha Naili, lakini Burton alikataa.

Mwaka 1860 alirudi pamoja na James Augustus Grant, akapita tena Kaze. Tarehe 28 Julai 1862 alifika mahali ambapo Naili hutoka ziwani, karibu na Jinja. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton mjini Bath.

Makombe ya Tanganyika

Mwaka 1859 Samuel Pickworth Woodward alieleza spishi nne kutokana na makombe ya Speke: konokono wawili na kombe wawili. Konokono mmoja, anayeishi kwenye miamba ya ufukoni, sasa huitwa Spekia zonata.

Makombe ya baadhi ya konokono wa ziwa hilo ni mazito na yenye mapambo kama ya baharini. Kwa sababu hiyo mwanazuolojia J. E. S. Moore alidai kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kipindi cha Jura, kwa kuwa makombe yalifanana na visukuku vya wakati ule.

Dai hilo halikukubaliwa. Jura ilikwisha miaka milioni 145 hivi iliyopita, kumbe ziwa hukadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12 tu. Konokono hao walitokana na wahenga wa maji baridi. Kaa wanaovunja makombe huhesabiwa kati ya sababu za ugumu wake. Hivyo kufanana kwa umbo si lazima kuonyeshe undugu.