Florence Nightingale, mama aliyehesabu wafu

Tarehe 12 ya mwezi wa tano ni siku ya enfirmye mu dunia nzima. Ilichaguliwa juu ya kukumbuka kuzaliwa kwa mwanamuke mumoja Mwingereza, Florence Nightingale. Wengi wetu tunajua juu yake kitu kimoja tu: taa. Usiku alipita na taa mukononi kati ya vitanda vya askari wagonjwa. Ni kweli, lakini siye wa sindika tunaona kazi yake kubwa haikuwa ile taa. Ilikuwa rejista.

Alizaliwa mwaka wa 1820 mu Florence, muji wa Italia; wazazi walikuwa safarini, wakamupa mutoto jina la ule muji. Walikuwa watajiri. Musichana alipenda hesabu kuliko kushona na kucheza dansi, na alipokuwa na miaka 16 alisikia kwamba Mungu anamuita kwa kazi. Aliposema ile kazi ni kutunza wagonjwa, nyumba nzima ilikataa, sababu wakati ule kazi ya lopitali ilizarauliwa sana. Akangoja miaka mingi. Mu 1851 ndipo alienda kujifunza miezi mitatu mu Kaiserswerth, Ujerumani, na mu 1853 akapewa kusimamia lopitali ndogo ya wanawake mu London.

Halafu vita ikaja. Uingereza, Ufaransa na Uturuki walipigana na Urusi kule Krimea. Magazeti ya London yakaandika namna askari wagonjwa walivyoachwa bila kutunzwa, na serikali ikaona haya. Mwezi wa kumi na moja 1854 Florence alifika Scutari, ngambo ya Istanbul, pamoja na wanawake 38. Mwanamuke mweusi wa Jamaika, Mary Seacole, aliomba pia kutumwa, wakamukatalia. Akaenda kwa feza yake mwenyewe, akafungua nyumba yake karibu na Balaklava. Jina lake pia tulikumbuke.

Scutari ilikuwa kambi kubwa ya askari iliyogeuzwa lopitali. Wagonjwa walilala chini, nguo zimejaa chawa, sabuni hakuna. Florence na wenzake walifua, walipika, walisafisha vidonda. Na watu wakazidi kufa! Mwezi wa pili 1855, kwa kila wagonjwa 100, karibu 42 walikufa. Yeye mwenyewe aliwaza kwamba wanakufa sababu wanaletwa wamechelewa, wamechoka, na njaa imewamaliza.

Mwezi wa tatu serikali ilituma watu wa kuchunguza usafi. Walikuta jengo liko juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba, na mzoga wa farasi ndani ya njia ya mayi. Wakazibua, wakabeba uchafu, wakapaka chokaa. Mu mwezi wa sita vifo vilishuka mpaka karibu 2 kwa 100.

Mutu mwingine angerudi Uingereza, apokee sifa, apumuzike. Yeye alirudi mu 1856 mwenye ugonjwa alioupata kule, akajifungia na makaratasi. Rejista za wafu za Scutari hazikupatana moja na ingine. Akazichambua pamoja na William Farr, fundi wa hesabu za vifo. Wakaona askari zaidi ya 16 000 walikufa kwa magonjwa, na wasiofika 5 000 kwa risasi na vidonda. Akatazama pia kambi za Uingereza, bila vita yoyote: askari vijana walikufa karibu mara mbili kuliko raia wa umri wao.

Alijua wakubwa hawasomi tarakimu. Kwa hiyo alichora duara zenye rangi, buluu kwa magonjwa yanayoweza kuzuiwa, nyekundu kwa vidonda, nyeusi kwa sababu zingine. Ile buluu ilifunika karibu yote. Kambi zikaanza kutengenezwa. Mu 1858 alikuwa mwanamuke wa kwanza kuingia mu chama cha mafundi wa takwimu cha London, kisha akadai lopitali zote ziandike wagonjwa kwa fomu ya namna moja.

Hapa ndipo maneno yanatugusa siye wa Luano. Mugonjwa akifika dispanseri, wanaandika jina, umri, ugonjwa, dawa. Mara mingi hawaandiki anafanyia wapi: shimoni, kwenye mashine ya kusaga mawe, kwenye asidi. Enfirmye anaweza kupokea wanaume kumi wa kikohozi, akapa kila mumoja sirupu, asijue wote kumi wanatoka pa mashine moja. Sirupu haitoe vumbi la jiwe mu mapafu. Na delege akienda mbele ya mukubwa na kilio tu, anaulizwa ushahidi, anarudi mikono mitupu. Tunaomba enfirmye waongeze safu moja mu rejista: mahali pa kazi. Siri ya mugonjwa ibaki siri. Hatutafute majina, tunatafuta hesabu. Pengine hesabu itatukatalia hata siye, ionyeshe kikohozi kingine ni kifua kikuu, au ni moshi ya makala mu nyumba. Tutaipokea vilevile.

Florence pia hakujua yote. Kwa miaka mingi aliamini ugonjwa unatoka ku hewa mbaya, akakawia kukubali habari ya vijidudu. Lakini usafi alioudai ulikuwa ule uliohitajika. Mu 1860 alifungua shule ya wauguzi ku lopitali ya Saint Thomas, London, kwa feza watu walizochanga juu yake, na kazi ile ya kuzarauliwa ikaanza kuwa kazi ya kusomewa. Miaka mingi alitumika akiwa kitandani, barua kwa barua, mawaziri wakimufuata nyumbani.

Alikufa tarehe 13 mwezi wa nane 1910, mwaka uleule reli ilipofika Elisabethville. Serikali ilitaka kumuzika mu kanisa kubwa la wafalme, jamaa yake ikakataa. Akazikwa kijijini karibu na wazazi, na ku kaburi waliandika herufi mbili tu za jina lake, na miaka.