René Descartes (1596–1650): Aliyeunganisha Mlinganyo na Mchoro

René Descartes alizaliwa tarehe 31 Machi 1596 huko La Haye, Ufaransa. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, akalelewa na bibi yake. Alisoma shule ya Wajesuiti ya La Flèche, ambako aliruhusiwa kuchelewa kuamka kwa sababu ya afya dhaifu. Mwaka 1616 alihitimu sheria huko Poitiers, lakini hakuwa wakili. Mwaka 1618 alijiunga na jeshi nchini Uholanzi. Huko Breda alikutana na msomi Isaac Beeckman, aliyeamsha upya hamu yake ya hisabati.

Wakati huo aljebra, ambayo jina lake limetokana na kitabu cha al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9, ilishughulika na namba. Jometri ilishughulika na maumbo. Mwaka 1637 Descartes alichapisha La Géométrie, akaonesha kwamba mlinganyo wenye x na y unaweza kuchorwa, na mchoro unaweza kuandikwa kama mlinganyo. Pia alieneza desturi ya kutumia a, b, c kwa namba zinazojulikana na x, y, z kwa zisizojulikana. Mfaransa mwenzake, Pierre de Fermat, alifikia wazo kama hilo kivyake. Mihimili miwili unayoichora leo ilikamilishwa na waliowafuata.

Kufikiri kwa uhuru kulikuwa na hatari. Galileo alipohukumiwa mwaka 1633, Descartes alizuia kitabu chake kuhusu ulimwengu kisichapishwe.

Mwaka 1649 alikwenda Sweden kumfundisha Malkia Christina. Vipindi vilianza saa 11 alfajiri, katika baridi kali. Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 11 Februari 1650, akiwa na miaka 53.

Mfano

Tuchukulie kuwa bodaboda wawili wapo Msamvu, Morogoro Mjini. Wa kwanza anatoza sh 1,000 za kuanzia na sh 500 kwa kila kilometa. Wa pili anatoza sh 400 za kuanzia na sh 700 kwa kila kilometa. Ni umbali gani nauli zao zinalingana?

Wa kwanza: y = 500x + 1,000
Wa pili: y = 700x + 400

500x + 1,000 = 700x + 400
600 = 200x
x = 3, hivyo y = 2,500

Ukichora mistari hiyo miwili, itakatana kwenye nukta (3, 2,500). Kabla ya kilometa 3 mstari wa pili uko chini, yaani bodaboda wa pili ni nafuu. Baada ya hapo, wa kwanza ndiye nafuu.

Zingatia: Jibu la hesabu na jibu la grafu lazima yafanane. Yakitofautiana, kagua jedwali lako la thamani kabla ya kukabidhi karatasi.