Tilman: Mlowezi aliyevuka Afrika kwa baiskeli

BAISKELI si kitu cha kuwashangaza wakazi wa Mautuma, Kaunti ya Kakamega. Kabla ya pikipiki kutwaa barabara za Lugari, ndiyo iliyobeba magunia ya mahindi, mitungi ya maziwa, wagonjwa na hata maharusi. Lakini mwaka wa 1933, Mwingereza mmoja aliyekuwa ametoka kutafuta dhahabu Kakamega alifunga mizigo yake michache kwenye baiskeli, akaelekea machweo ya jua peke yake hadi alipoiona bahari ya Atlantiki.

Huyo ni Harold William Tilman, mwana wa mfanyabiashara wa sukari wa Liverpool. Alizaliwa Wallasey, Uingereza, Februari 14, 1898. Hakuwa ametimiza miaka 20 alipokuwa tayari ofisa wa mizinga katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akatunukiwa mara mbili nishani ya ushujaa.

Vita vilipokwisha, serikali ya Uingereza iliwagawia askari wake wa zamani mashamba Kenya kwa bahati nasibu. Tilman alifika mwaka wa 1919, akafyeka msitu karibu na Sotik na kupanda kahawa. Askari Waafrika na wapagazi waliotoka vita hivyo hivyo hawakuingizwa katika bahati nasibu hiyo. Wao walipewa kipande cha kuvaa shingoni.

Kwa miaka kumi alikuwa mkulima tu. Kisha akakutana na Eric Shipton, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya shamba huko Turbo, jirani na Mautuma ya leo. Mwaka wa 1930 walipanda pamoja Kilimanjaro na Mlima Kenya, na mwaka wa 1932 wakafika Ruwenzori. Urafiki huo ulibadili maisha ya wote wawili.

Wakati huo Kakamega ilikuwa imeingiwa na wazimu wa dhahabu, iliyogunduliwa mwaka wa 1931. Wazungu waliokuwa wameumizwa na kuanguka kwa bei za mazao walimiminika huko na sururu na karai. Tilman naye alichimba, asitajirike. Walioumia zaidi ni wenyeji. Sheria ya mwaka wa 1930 iliwaahidi kwamba ardhi ya hifadhi zao ingekuwa yao daima. Miaka miwili tu baadaye ilirekebishwa ili ardhi yenye madini itwaliwe bila wenyewe kupewa nyingine badala yake.

Ulipofika wakati wa kurudi kwao, walowezi walizoea kupanda meli Mombasa. Tilman alinunua baiskeli kwa pauni sita. Kutoka Uganda aliingia Kongo ya Wabelgiji, akapita katika makoloni ya Wafaransa, yaani nchi iitwayo leo Jamhuri ya Afrika ya Kati, na Cameroon, hadi bandari ndogo ya Kribi. Ilikuwa safari ya karibu kilomita 4,800, naye aliimaliza kwa takriban miezi miwili.

Hakuwa na mpagazi wala mpishi, jambo lililokuwa kioja kwa Mzungu wa enzi hizo. Alikula vilivyopatikana vijijini, akalala palipomfikia usiku. Kiswahili kilisikika hadi ndani ya Kongo ya mashariki, kisha kikakoma. Mbele ya hapo palikuwa na msitu, mvua, na barabara za udongo ambazo wanavijiji walilazimishwa kuzitunza.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Mwafrika wa Kakamega asingeweza kuiga safari hiyo. Kutoka tu katika hifadhi yake bila kipande kungemtia mashakani. Ujasiri wa Tilman ulikuwa wa kweli, lakini mipaka ilimfungukia kwa sababu ya rangi yake.

Yaliyofuata yalimpa umaarufu zaidi. Mwaka wa 1936 yeye na Noel Odell walifika kilele cha Nanda Devi, India, chenye mita 7,816. Binadamu hakufika kilele kirefu kuliko hicho hadi mwaka wa 1950. Mwaka wa 1938 aliongoza msafara wa Everest, na katika Vita vya Pili alipigana pamoja na wapiganaji wa msituni Albania na Italia. Kitabu kuhusu maisha yake ya Kenya na safari ya baiskeli kilitoka mwaka wa 1937.

Uzee ulipomnyima milima mirefu, aligeukia bahari. Alisafiri kwa mashua za matanga hadi Greenland na bahari za kusini, akapoteza mbili njiani. Hakuoa.

Mwaka wa 1977 alijiunga na vijana katika chombo kiitwacho En Avant, kilichokuwa kikielekea maeneo ya barafu ya kusini. Kilitia nanga Rio de Janeiro, kikang'oa mwezi Novemba kwenda visiwa vya Falkland. Hakikuonekana tena, wala yeyote kati ya waliokuwamo. Tilman angetimiza miaka 80 Februari iliyofuata.